Mtu Wako Pale Uzioni

Kopo la maziwa ya unga likikatwa kwa mkasi linatoa harufu mbili. Ya kwanza ni ya chuma, ile inayokaa ulimini kama umeng'ata funguo. Ya pili ni ya maziwa yenyewe, tamu kidogo, iliyojificha kwenye mshono wa chini hata ukiosha kwa maji ya moto. Jumamosi mama alikuwa anapanga kabati, anatenga vya kutupa, akatoa mfuko wa nailoni uliokuwa nyuma ya masanduku. Ndani mlikuwa na mkasi wa bati, misumari midogo, na vipande vitano vya bati vilivyokunjwa kingo ili visimkate mtu.

"Haya madude ya baba yako nayapeleka wapi?" akaniuliza.

Harufu ilikuwa imeshanifikia.

Baba amerudi Tanga, huu mwaka wa pili. Macho yalianza kumsumbua, na dereva wa basi la shule hawezi kuwa na macho ya kubahatisha. Mimi na mama tumebaki huku kwa Waarabu, mtaa wa Najma, mpaka nimalize shule. Na wiki hiihii klabu yetu ya kamogi imetuomba sisi wakubwa tuandike sentensi moja ya kubandikwa ukutani, wadogo waisome: kwa nini ulianza mchezo huu, na kwa nini umebaki? Niliandika, "Kwa sababu ya marafiki na mazoezi." Nikachora na ua pembeni. Ni uongo, hata lile ua ni uongo. Jibu la kweli ni refu, ndiyo maana naliandika huku kwenye daftari langu, ambako hakuna wa kulibandika.

Kwa asiyejua, kamogi ni mpira wa magongo wa wasichana wa Ayalandi. Lakini usifikirie ule mpira wa magongo unaotambaa chini. Huu unaruka. Ni kipira cha ngozi, ukubwa wa chungwa dogo na ugumu wa jiwe, unakidaka kwa mkono, unakirusha, unakitandika kikiwa hewani. Kichwani unavaa kofia ngumu yenye wavu wa chuma mbele ya uso. Gongo lenyewe ni la mti, bapa upande wa mwisho kama kiganja, na wao wanaliita kwa neno ambalo masikioni mwetu lilikuja kama "hali". Baba alilipenda neno hilo kupita kiasi.

"Hali?" angeniuliza nikipanda basi.

"Nzuri, baba."

"Siulizi wewe, mama. Nauliza gongo."

Aliniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake, Zubeda. Kwetu ni kawaida, baba hawezi kumwita mamaye jina kavukavu, hata huyo mamaye akiwa na miaka kumi na moja na meno yanapishana.

Nilivyoanza ni hivi. Baba alimwendesha kafili wake, Mwarabu aliyemdhamini huku, miaka mingi, na yule mzee ndiye aliyetuandikia viza mimi na mama. Mzee alipofariki, baba akapata kazi ya basi kwenye shule moja ya Kiingereza, na mtoto wa mfanyakazi alikuwa anapewa nafasi. Basi nikaingia darasani na watoto ambao hata kifutio kikianguka walikuwa wanamwomba radhi kifutio. Nilikuwa kimya. Kiingereza nilikuwa nacho kichwani, ila kilikuwa hakitoki. Mwalimu Nora, mwalimu wa michezo, alikuwa na wasichana tisa wa Kiayalandi na alihitaji kumi na mmoja. Akapita mstari wetu uwanjani akitutazama miguu, si nyuso, akanigusa bega. "Wewe. Unakimbia?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Tanga nilikuwa hodari wa rede. Nilikuwa naweza kubaki katikati peke yangu, wawili wananirushia mpira, na nisiguswe mpaka adhana ya magharibi.

Hilo ndilo lililoniaibisha siku ya kwanza. Mpira ulikuja kwangu na mimi, kwa akili yangu yote ya rede, nikajikunja, nikaukwepa. Ulikwepwa vizuri sana. Ukaja wa pili, nikaukwepa. Wa tatu nikauruka. Wasichana wakawa wanacheka mpaka wanashikilia magongo kama fimbo za wazee. Mwalimu Nora akaja, akainamisha uso wake mwekundu mpaka kwenye wavu wa kofia yangu, akasema, "Zubeda, mpira si mbwa. Hukimbii. Unaufuata."

Nyumbani nilimsimulia baba. Akacheka, kisha akasema, "Kumbe Waayalandi hawana rede. Maskini." Hakukuwa na dhihaka ndani yake, aliwahurumia kweli.

Nikabaki kwa sababu ya sauti. Gongo likiupata mpira sawasawa kuna mlio, mkavu, mfupi, na kwa mara ya kwanza katika shule ile kelele iliyosikika ilikuwa yangu mimi. Mtu asiyeongea anaipenda kelele kama hiyo. Na nilipata rafiki, Niamh, jina linaloandikwa kwa herufi tano na kutamkwa Niiv, zilizobaki sijui wanazitunzia nini. Yeye alizaliwa ndani ya kamogi. Baba yake alicheza, bibi yake alicheza, shangazi yake alivunjika kidole na akaendelea kucheza. Wote walikuwa hivyo. Ukimuuliza yeyote kwa nini anacheza, anakutajia ndugu.

Baba ndiye aliyeendesha basi la mazoezi. Alisubiri nje ya uwanja mpaka tumalize, kisha anawashusha wenzangu mmoja mmoja, wa mwisho Al Thumama, na kutoka hapo basi zima linabaki letu mimi na yeye mpaka Najma. Wanafunzi walimwita "sadiki", yaani rafiki kwa Kiarabu, kama wanavyomwita kila dereva. Hawakujua kuwa ni baba yangu. Sikuwaficha, mwanzoni. Hakuna aliyeniuliza, na mimi kitu nisichoulizwa sikisemi. Nilipanda wa kwanza nikashuka wa mwisho. Nilipokaa kiti cha nyuma yake na kumwambia maneno mawili matatu ya Kiswahili, walidhani, sijui walidhani nini. Labda walidhani sisi Waafrika wote tunajuana.

Gongo langu lilikuwa la kuazima, la zamani, na hewa ya huku inakausha mti mpaka unapasuka. Nje joto la kuoka mkate, ndani kiyoyozi, nje tena. Ufa ukaanza kwenye lile bapa. Baba akauona kwenye basi, akaupima kwa kucha. Mazoezi yaliyofuata alikuja na kipande cha bati la kopo letu la maziwa. Wakati wa kunywa maji nikampitishia gongo kwenye tundu la uzio wa waya, kimya kimya, kama mtu anampitishia mfungwa chakula. Akakaa kwenye ngazi ya basi, akalizungushia bati, akagonga misumari kwa spana ya nati za magurudumu. Tap, tap, tap. Alikuwa ameukunja ukingo wa bati ndani ili lisinikwaruze. Maandishi ya kopo yalikuwa bado yanaonekana, nusu ya ng'ombe na nusu ya neno.

Nikarudi uwanjani nikapiga. Ule mlio ulikuwa bora kuliko zamani. Mwalimu Nora akasikia, akaja, akalichukua gongo mkononi mwangu. Akaligeuza, akapitisha dole gumba juu ya bati. Kisha akatazama uzioni. Baba alikuwa amesimama pale, ameinua mkono, anatabasamu kwa meno yote, anangoja kuambiwa chochote.

Mwalimu Nora akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kwao, "Na mtu wako pale uzioni, ni nani?"

Mtu wako. Lazima nieleze nilivyolisikia neno hilo, ingawa maelezo hayanisaidii. Katika shule ile watoto walikuwa na watu. "Dereva wangu atakuja." "Yaya wangu kasahau chupa." "Mtu wangu yuko geti namba mbili." Mtu wangu maana yake yule anayebeba begi. Basi nikaona Mwalimu Nora ameshamweka baba kwenye fungu hilo, na wasichana tisa wamegeuka kumtazama, na mimi nimesimama katikati kama kwenye rede, mpira unakuja.

Nikakwepa.

"Ni dereva tu," nikasema.

Dereva alikuwa kweli. Nimejitetea hivyo mara nyingi kitandani, kwamba sikusema uongo. Lakini uongo ulikuwa kwenye ile "tu". Kwa Kiingereza nako ni neno fupi tu, silabi moja, na lilitoka kwangu bila kukwama, mimi ambaye Kiingereza kilikuwa hakitoki.

Kutoka nilipokuwa hadi uzioni ni hatua nane. Mkono wa baba ulikuwa bado juu. Aliutazama kidogo, kama umesahauliwa pale na mtu mwingine, akautumia kuweka sawa kofia yake.

"Mwambie ana mkono mzuri," akasema Mwalimu Nora, akanirudishia gongo.

Sikumwambia.

Mazoezi yaliyofuata baba hakuja uzioni. Alibaki ndani ya basi, pazia limevutwa. Na tulipomaliza, tulipopanga mstari kupanda, alikuwa amesimama chini mlangoni, kitu ambacho hakuwahi kufanya. Wengine aliwaambia "yalla, yalla" kama siku zote. Nilipofika mimi akarudi nyuma hatua moja, akaweka mkono kifuani, akasema kwa Kiingereza, "Karibu, misi."

Niamh akacheka. "Kakuita misi!"

Nikacheka na mimi. Ndiyo, nilicheka. Nikaenda kukaa nyuma kabisa.

Tulipofika Al Thumama akashuka msichana wa mwisho. Mlango ukajifunga. Barabara zote zilikuwa zinachimbwa miaka ile, kila wiki njia ya kurudi nyumbani ilikuwa mpya, na baba aliendesha akisoma vibao. Nikangoja anigombeze. Afadhali angenigombeza. Kwenye raundabauti akanitazama kwenye kioo.

"Njaa, mama?"

Basi likiwa tupu mimi ni mama. Basi likiwa na watu mimi ni misi. Ikawa hivyo mwezi mzima, na nyumbani hakulitaja hata kwa utani, wala mama hakujua. Sijui kama alikuwa ananiadhibu au ananisaidia. Mpaka leo naogopa majibu yote mawili. Kama alinisaidia ni vibaya zaidi.

Nikaamua kuacha. Nilimwambia siku moja tukiwa wawili, basi limesimama kwenye foleni.

"Sitaki tena kamogi."

"Kwa nini?"

"Sipendi tu."

"Nani kakusema?"

"Hakuna."

Akafikiri. Magari mawili yakatupita kwa kupitia kwenye vumbi. "Basi huachi," akasema. "Mtu haachi kitu kwa sababu ya hakuna."

Kwa hiyo nilibaki. Mtu akiniuliza nani alinibakiza kwenye mchezo wa Waayalandi, ni huyo, dereva wa basi kutoka Tanga ambaye hakuwa anajua hata goli linahesabiwaje.

Mwisho wa msimu kulikuwa na siku ya familia. Kila msichana alitakiwa aje na mtu aliyemleta kwenye mchezo, wapige mpira wote, wale, wacheke. Bibi yake Niamh alikuwa amekuja kutembea kutoka Ayalandi, mwanamke mwembamba mwenye kofia ya jua na mikono yenye mabaka. Akaomba gongo, akatema mate viganjani, akaupiga mpira ukapita juu ya mwamba wa goli hadi barabarani. Watu wakapiga mayowe. Mimi nilikuwa nimesimama peke yangu karibu na ndoo ya maji, najifanya naufunga upya utepe wa mpini.

Nikaenda kwenye basi. Pazia lilikuwa limevutwa. Ndani alikuwa anakunywa chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki, kwenye kikombe cha karatasi.

"Baba."

"Naam, mama."

"Wanaita wazazi."

Akapuliza chai yake. "Nimewasikia."

"Basi uje."

Alikiweka kikombe kwenye dashibodi, taratibu, akahakikisha hakimwagiki. Kisha akaniuliza bila hasira yoyote, kama anavyouliza barabara ipi imefungwa leo. "Nikija, mama, nije kama nani?"

Lilikuwa swali rahisi kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Nilikuwa nalo jibu, nilikuwa nimelisema sekunde chache zilizopita, ndilo neno nililoanzia. Lakini kulisema mle ndani kama jibu maana yake ni kwenda kulisema kule nje, na nikawaona wale tisa na kofia zao na babu zao.

"Njoo tu," nikasema.

"Tu," akasema baba. Akacheka puani. Akainama, akatoa mfuko wa nailoni chini ya kiti. "Haya. Nitakuja kama fundi. Fundi anaingia kila nyumba."

Akaja. Akakaa kwenye kreti la soda lililopinduliwa, na Mwalimu Nora alipoona mkasi na bati karibu amkumbatie. Kumbe alikuwa na sanduku zima la magongo yaliyopasuka na hakumpata mtu wa kuyafunga. Alikuwa anamtafuta fundi huyo tangu siku ile ya uzioni. Ndiyo maana aliuliza. Baba alifunga magongo kumi na mawili mchana ule. Bibi yake Niamh aliketi pembeni yake, akamweleza kwa mikono habari za fundi wa kijijini kwao, na baba akamweleza kwa mikono namna ya kukunja ukingo, na sidhani kama kuna neno walilopishana. Wasichana wakapanga foleni.

"Mtu wako ni bingwa," Niamh akaniambia.

"Ndiyo," nikasema.

Kisha duara. Kila mmoja akasimama na wake, akamtaja. Mimi baba yangu. Mimi bibi yangu. Mimi shangazi, yule wa kidole. Ikafika kwangu.

"Na wewe Zubeda, nani alikuleta?"

Baba alikuwa hatua tatu kutoka duara, misumari midomoni, gongo la mtu magotini. Hakuinua uso. Aliacha tu kugonga.

"Wewe, mwalimu," nikasema.

Watu wakapiga makofi, ooh, wakaona ni jibu tamu. Na baba akatoa misumari mdomoni, akaiweka kwenye mfuniko wa kopo isipotee, akapiga makofi na yeye.

Hayo makofi ndiyo ninayoyasikia nikiwa sijalala.

Baada ya hapo kuna jambo moja dogo. Tukiwa kwenye basi Niamh akamwonyesha kwa kidole mzee mmoja barabarani, hatumjui, amevaa soksi za rangi mbili. "Mtazame mtu wako na soksi zake!"

"Si mtu wangu," nikasema haraka.

Akanishangaa. "Najua. Si mtu wa yeyote. Ndivyo tunavyosema kwetu. Mtu wako, yaani yule, huyo hapo. Mtu yeyote."

Nikamtazama dereva kwenye kioo. Hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu. Mwalimu Nora aliuliza "yule ni nani", basi, kama mtu anavyouliza saa.

Sasa mnajua kwa nini nimebaki, miaka yote hii, mpaka sasa nafundisha wadogo. Wenzangu wamebaki kwa ajili ya bibi zao. Mimi nimebaki kwa sababu nikiacha, ile siku ya uzioni itakuwa ndiyo ya mwisho kuhusu mimi na mchezo huu. Nilikuwa nangoja niulizwe tena.

Nimeulizwa leo. Gongo langu ni lilelile, nililinunua kwa klabu walipotaka kulitupa, na bati la baba liko palepale, ng'ombe amefutika amebaki masikio. Mtoto mmoja mpya, Mkenya anayekaa Al Wukair, ana miaka tisa na maswali tisini, akalishika.

"Dada Zubeda, nani aliweka hii bati?"

Wote walikuwepo. Mwalimu Nora, Niamh, wazazi kwenye uzio.

"Baba yangu," nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti. "Alikuwa dereva wa basi letu."

Hakuna aliyegeuka. Mwalimu Nora aliendelea kupanga koni. Niamh alikuwa anafunga kamba za viatu, akasema, "Yule bingwa? Baba yako?" akasema "Mbona hukusema," akaendelea kufunga. Maneno mawili, yalitoka kirahisi, na baba yuko Tanga.

Magharibi akaniandikia, kama kila siku.

"Hali?"

"Nzuri, baba. Bati halijalegea."

"Alhamdulillahi."

Nikaandika, nikafuta, nikaandika. "Leo mtoto kaniuliza nani kalifunga."

"Ukasemaje?"

"Nikasema baba yangu. Mbele ya watu."

Alama mbili zikageuka bluu. Nikaona anaandika. Ikapotea. Akaandika tena, ikapotea tena, mama akaniita chakula nikasema nakuja. Kisha ikaingia.

"Asante, misi."